Jawabu kwa Mize wa Wete

Mize nimeupokea, ujumbe wako wa juzi,
Usiku nikarejea, sikupata usingizi,
Cheti cha kutegemea, wataka, kikupe kazi,
Za karafuu, si wizi, unazo laki tatu tu.

Haji Kombo wa dukani, kasema shika cha ghali,
Cha ulinzi mitamboni, malipo yake makali,
Zuwena wa Mkoani, kasema data ni mali,
Nao wote, kwa ukweli, hawana cheti, domo tu.

Nami nilijipumbaza, nikiwa bado kijana,
Ng'ombe wangu nikauza, mwekundu, mwenye kunona,
Chumbani nikajikweza, na mabingwa kupambana,
Swali la kwanza kuona, sikujua hata kitu.

Waliuliza hatari, na sera za mashirika,
Na mimi, mwenye kiburi, kebo sijawahi shika,
Ruta ikizua shari, napuliza na kutoka,
Ng'ombe wangu kaondoka, nimebakiwa kamba tu.

Si kwamba cheti kibovu, kina pahala pa kwenda,
Kwa bingwa mkakamavu, seva zimeshamganda,
Mwenye mvi na makovu, miaka mingi katenda,
Wewe ngazi waipanda, hatua zako mbili tu.

Nieleze tafadhali, asubuhi wafanyani?
Waingiza majedwali, ya chanjo, zahanatini,
Mashine ikishafeli, ni "Mize, Mize, jamani!"
Nami fundi, huja lini? Wiki ya pili, ya tatu.

Basi hapo ndipo mwanzo, ni kazi ya msaada,
Cheti chake ndicho chanzo, ada yake si ya shida,
Waya, ruta, na mafunzo, ya kumtuliza dada,
Aliyefuta jalada, akidhani si la mtu.

Kisha ukikaa mwaka, moyo utakuambia,
Kama waya wazitaka, mitandao shikilia,
Kama hesabu wasaka, data itakuvutia,
Ulinzi utasalia, bawaba haina kutu.

Soma nafasi za kazi, za Unguja na za Pemba,
Andika, bila ajizi, vyeti gani wanaomba,
Kilotajwa waziwazi, mara kumi, ndicho mwamba,
Si kile chenye kutamba, kwenye picha za watu tu.

Na fedha zako zifiche, mtihani usilipe,
Njoo, gari isikwache, mashine mbovu nikupe,
Ziwe mbili, ziwe chache, ndani yake ujitupe,
Zikifa usiogope, zilishakuwa taka tu.

Usinunue majibu, yanayouzwa simuni,
Alinunua Khatibu, akafaulu chumbani,
Swichi ilipomsibu, alijificha chooni,
Cheti kimo mfukoni, kichwani mna hewa tu.

Ofisini kwangu kuna, fremu imening'inia,
Wageni tukikutana, "Wewe bingwa," hunambia,
Tarehe hawajaona, muda ulishajifia,
Nyigu wameihamia, fremu ni yao, si yetu.

Nami mvi za kidevu, zanambia nichague,
Nibaki na ruta mbovu, kila siku nifungue,
Au, na huu uchovu, uongozi nichukue,
Cha miradi, nitambue, kupanga kazi na watu.

Basi tusome pamoja, Jumamosi tukipata,
Wewe ngazi yako moja, mimi nyingine nafata,
Umeme usipokuja, kalamu tutakamata,
Chapati nitazileta, wewe mbili, mimi tatu.

Kamba ya ng'ombe ninayo, hadi leo naishika,
Kebo nafungia hiyo, chini zisije anguka,
Nikiigusa, kwa moyo, dume langu nakumbuka,
Laki zako ukiweka, hujapungukiwa kitu.

Shaame Faki,
Chake Chake