Matope ya Mgongoni

Kijiweni Gerezani hesabu imekwisha
kabla kahawa haijapoa:
Kondo Mwinshehe, magoli mia na kumi na mawili.
Pazi Kondo, mwanawe, kumi na tisa,
na fundi saa anakumbusha
mawili kati ya hayo ni ya kujifunga.
"Maziwa na tui la tatu," anasema,
anagonga kikombe mezani kama muhuri wa mahakama.

Mimi siulizwi. Mimi mfua jezi.
Miaka thelathini na minane nimeinamia beseni
nyuma ya klabu, kwenye bomba linalokohoa
kabla halijatema maji,
sabuni ya mche naikata kwa uzi.
Lakini nguo haisifu wala haisengenyi.
Nguo inaleta ilichokutana nacho.

Ya Kondo ilikuja imechafuka mgongoni.
Kila Jumamosi, mgongoni na nyuma ya bukta,
maana Kondo alikuwa mtu wa kuangushwa.
Mabeki walimkata kama muwa,
akainuka, akautenga mpira mwenyewe, akapiga,
na Karume ikalia jina lake
hata kunguru wa Ilala wakahama mapaa.
Akivua, aliitupa sakafuni.
Sikumlaumu. Anayebebwa mabegani
haoni kilichoko chini.

Ya Pazi ilikuja imechafuka kifuani.
Kifuani, viwikoni, majani yamenasa kolani.
Beki. Mtu wa kujitupa
mbele ya shuti lisilomhusu,
akaamka na mpira, na uwanja kimya,
kwa sababu goli ambalo halikuingia
halina dakika yake, halina picha gazetini.
Na yeye jezi aliigeuza upande wa nje
kabla hajanipa.

Siku aliposajiliwa waliandika bango:
MAJI HUFUATA KONDO.
Tukacheka wote, hata mimi.
Msimu wa pili, baada ya ile penalti
iliyopaa mpaka kwenye nyaya za umeme,
bango nililikuta Keko, limeezekea banda la kuku.
Mtangazaji naye hakumpa jina zima hata siku moja:
mtoto wa Kondo anaokoa,
mtoto wa Kondo, aah, mtoto wa Kondo!

Kumi na moja walimvalisha bila kumuuliza.
Mwaka wa tatu alinijia peke yake, jioni,
"Nipatie yoyote, hata yenye kiraka."
Nikamtolea kumi na sita
iliyolala sandukuni haina mwenyewe.
Aliivaa miaka tisa.
Mechi mia mbili na nne, kadi nyekundu hakuna.
Hiyo kijiweni hawaihesabu,
nami nikiitaja wananiuliza bei ya sabuni.

Jambo hili sijalisema mahali.
Kondo alikuwa anakuja.
Alikaa upande wa jua, upande wa watoto na wauza karanga,
kofia imeshuka mpaka puani,
asije akatambuliwa, wakamshangilia yeye.
Siku moja, dakika zikielekea tisini,
Pazi alijirusha miguuni pa mtu
na nikamwona mzee, kule mbali,
akilishika goti lake mwenyewe.

Mechi ya mwisho iliisha sare, bila goli.
Wenzake waliondoka. Pazi akaja bombani,
akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
"Ile jezi ya mzee," akasema, "ilikuwa nzito?"
Nikamwambia kweli.
Ilikuwa pamba tupu. Ikiwa kavu, si kitu.
Ikilowa, mtu mmoja hawezi kuikamua.
Nikaitoa ya kwake majini, kumi na sita,
tope la kifuani bado linatoka.
Hakusema neno.
Akashika ncha moja, mimi nyingine,
kila mtu akazungusha upande wake.