Kabugho Hazami

Nilimuua Kabugho katika sura ya saba
kwa sababu nilikuwa na njaa na umeme ulikatika.
Alizama ziwani, ziwa nililolichora mwenyewe
juu ya karatasi ya mfuko wa saruji:
la chumvi, kama hili letu la Katwe,
ila langu lina ngazi.

Siku ya tatu Muhindo, fundi simu wa Kasese,
akanitumia kurasa kumi na moja.
Kabugho yu hai. Chumvi ilimbeba mgongoni.

Miaka minne nachimba chumvi
na sikukumbuka: ziwa letu halimezi mtu.

Nilikasirika hata hivyo.
Nani huingia kwa mwenziwe bila hodi
akamfufulia maiti?
Kisha Ithungu, mtoto wa darasa la sita,
akatia daraja kwenye ramani yangu
kwa penseli ya kijani,
likaanzia ngazini, likaishia nje ya karatasi.

"Linakwenda wapi?"
"Sijui. Muulize Kabugho."

Usiku huu nabandika karatasi nyingine
kwa uji wa muhogo, haujakauka vizuri.
Kabugho keshaanza kuvuka.
Ananidai viatu.