Mita Moja, Vyumba Vitano

Tulikuwa wapangaji wa mita moja,
Isevya, nyuma ya mashine ya kukoboa,
na umeme tuliuchangia
kama watu wanaochangia sanda ya marehemu wasiyempenda.
Nani kachemsha maji ya kuoga kwa hita?
Nani kalala taa inawaka?
Kapela, fundi redio, alikuwa na daftari.
Alituandika wote humo, isipokuwa feni yake.

Jumanne ile mita ikalia, ikalia, ikanyamaza.
Hakuna aliyetoa.
Kila mmoja na kisirani chake,
kila mmoja na elfu mbili yake kaikunja kiganjani.
Basi joto likatutoa nje, mmoja mmoja,
na vigoda, na mikeka,
na mtoto wa Nyamizi aliyekuwa anaota meno.

Nyamizi alikuwa na maharage jikoni,
yaliyolowekwa tangu alfajiri,
yamechemka robo saa tu, na mkaa ndio huo umekwisha.
Akanigeukia: "Fundi, nipe matambara yako."
Nikadhani ni ya mtoto.
Kumbe akakitandika kikapu cha kubebea maembe,
akaitumbukiza sufuria na mfuniko wake,
akaifunika gubigubi kama mgonjwa wa homa:
vipande vya sare za shule, pindo za kanga,
na shela la bibi harusi aliyeghairi
na hajarudi kulichukua.
Tukacheka. Mwalimu Mgalula akacheka zaidi ya wote.

Asubuhi maharage yalibonyea kwa ulimi.
Mwalimu alikula sahani mbili. Hakusema kitu.

Sijui ni lini hasa tulianza.
Mimi nilisogeza cherehani dirishani, upande wa mashariki,
nikawa nashona na jua, naacha na jua,
na kile kichwa nilichokuwa nakinunulia vidonge kila Ijumaa
kikaniacha bila kuaga.
Ndoo iliyopakwa masizi ikawekwa juani saa nne;
saa kumi na moja maji yanakuambia pole ya kazi.
Mwalimu akawa anapiga pasi Jumapili tu,
mashati matano kwa mpigo, na sketi zetu juu yake,
huku akilalamika kuhusu marinda.
Kapela, siku moja, bila kutangaza,
alichomoa redio zake ukutani,
yale macho mekundu yaliyokuwa yanakesha naye.
Kesho yake akasema amelala
mpaka treni ya Kigoma imepita hakuisikia.

Uniti za siku tisa zikafika siku kumi na sita.
Lakini si hilo ninalotaka kusema.
Ninataka kusema kwamba jioni hatuwashi taa mapema,
na katika ile nusu saa ya kijivu
nimejua kwamba Mgalula ana binti Urambo hamtaji,
kwamba Nyamizi anahesabu kwa Kinyamwezi akiwa na hofu,
kwamba mlangoni kwangu kunapita upepo
niliokuwa nimeuzibia kwa pazia miaka mitatu.

Msidhani tumekuwa malaika.
Jana tumegombana mpaka jirani kaja kusuluhisha:
daftari la Kapela sasa ni la zamu za kikapu,
na zamu yangu imerukwa mara mbili,
mimi,
mwenye matambara.