Hatukuwa na Paka

Vua glavu hizo, kijana. Karatasi hii haikuzaliwa bibi harusi.
Igeuze kwanza. Upande huu ni hati ya deni:
magunia matatu ya makaa, ghala la Fauchereau,
gatini Auxerre, Januari, na mto Yonne
umeganda ukingoni kama mchuzi wa juzi.

Sasa geuza tena. Mgongo huo ni wangu.

Umeandika hapo: *Mwanamke Aogaye*.
Sikuwa naoga. Nilikuwa nakata sugu ya kidole
kwa wembe wake wa ndevu, mguu mmoja ndani ya beseni,
shumizi imeshuka bega kwa kuwa kifungo kilikatika,
na mimi, Zélie, mshona nguo za watu,
sikupata siku ya kushona changu.

Évariste alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea jiko.
Rangi zilikuwa zimekwisha, ya buluu kabla ya zote.
Wino ulibaki kidogo, tukauzimua kwa chai ya jana;
ndiyo maana vivuli vyangu vina hudhurungi,
nawe unaviita ufundi.

"Tulia," akasema. Nikatulia,
wembe mkononi, maji yakipoa kifundoni.

Tazama hapa, chini ya shingo: mstari unakatika,
unaruka upana wa punje ya ngano, kisha unaendelea.
Kitabu chenu kinasema huo ni ujasiri,
kwamba aliuacha uti wa mgongo upumue.

Nilikohoa.

Akainua kalamu, akangoja kikohozi kipite,
nacho kilikuwa kirefu majira yale ya baridi.
Hakuna aliyewahi kuningoja hivyo, kabla wala baada.
Nikiishika picha hii siangalii mgongo,
nilikuwa na mgongo, kila mtu anao.
Naangalia pengo.

Na paka, wauliza, yule mweusi kando ya beseni,
ni ishara ya nini?
Hatukuwa na paka. Paka angekula nini?
Tone lilidondoka. Évariste akaguna, akalitia masikio,
tukacheka hadi mama mwenye nyumba
akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio.
Miaka thelathini sasa wageni wananiuliza jina la paka.

Machi ya mwaka uliofuata kikohozi kilihamia kwake.
Nami sikuwa na kalamu ya kuinua.

Makaa niliyalipa mimi, nusu faranga kila Jumamosi,
na wiki nisizokuwa nayo, kwa kupinda pindo
za suruali za Fauchereau na wanawe wanne,
wote warefu, Mungu awarehemu.

Haya, andika bei yako. Sitabishana nawe.
Ila ukiitundika huko Paris, iwekee kioo pande mbili,
deni nalo lionekane; mwandiko wa karani yule
haukuwa mbaya.

Ile sugu, ukitaka kujua,
ilirudi.