Muda wa Kitumbua Kimoja

Miaka ishirini na mbili mkono huu umechora piko
kwenye nyayo za maharusi wa Wete,
ua likazaa jani, jani likazaa kikonyo,
bibi harusi akalala, akakoroma, akaamka,
mimi bado niko kwenye kifundo cha mguu.
Haraka sikuijua. Ilikuwa kazi ya wengine.

Ndipo akaja Faki, mtoto wa jirani,
na kopo la maziwa lililoungua,
ndani yake vijiti vya mpera, vyeusi,
vyepesi kama miba ya dagaa.
"Mchore Bi Riziki," akaniambia,
"kabla kitumbua hakijageuzwa."

Bi Riziki wa Limbani hatulii.
Anamimina, anachokoa, anadai chenji,
anamgombeza mtoto wa skuli aliyevaa kandambili za babake,
na kichwa chake kiko kila upande
isipokuwa ule niliouanza.
Nilianza na kope.
Kope tatu, nzuri, zimejipinda kama vikonyo vyangu.
Kitumbua kikageuzwa.
Kope tatu kwenye karatasi ya mfuko wa saruji,
hazina mtu.

Faki alicheka mpaka akakohoa.
"Bi Mize, unapamba nyumba haijajengwa."
Akanifundisha kufinya macho
kama mtu anayepuliza kuni mbichi,
hadi uso upoteze pua, upoteze mdomo,
libaki giza na mwanga vikigombania shavu.
"Giza kwanza. Lichukue lote,
kwa ubavu wa mkaa, si kwa ncha.
Na mkono utoke begani.
Vidole viache vilale, vimefanya kazi ya kutosha."

Kitumbua cha arubaini: kiazi kimevaa kanga.
Cha sitini na kitu: mwanamke, lakini si huyu.
Nikikosea nafuta kwa kinofu cha boflo,
halafu, kwa kusahau, nakitia mdomoni.
Nimekula nyuso nyingi mwezi ule.

Sijui ilikuwa siku gani. Mvua ilikuwa imekatika,
moshi umelala chini kama umefiwa.
Mkono ukatangulia, mimi nikafuata:
bega, shingo, lile giza chini ya taya,
na shavu likabaki karatasi tupu, likang'aa.
Nilipoinua kichwa
kitumbua kilikuwa bado kibichi upande wa juu.
Bi Riziki akaja na upawa mkononi, akatazama.
"Kumbe nimechoka hivi?"
Akarudi kumimina.

Shangazi Mwanamvua hakupenda.
"Siku ya Kiyama utaambiwa uzitie roho sura hizo,
na roho huna."
Sikuwa na jibu, sinalo hadi leo.
Nyuso zangu naziacha bila macho,
kivuli tu mahali pa macho;
ni woga au ni haraka, sijaamua.
Lakini alikuwa akichagua mchele, amekaa upande wa dirisha,
shingo imeinama,
na mkono ulishazoea wizi.
Pumzi kumi. Labda kumi na mbili.

Akaniona. Akainyakua karatasi aichane,
kisha akaisogeza kwenye mwanga.
Mchele ukabaki kwenye ungo, kuku akaanza kujihudumia.
"Hili sikio," akasema, "ni la baba yetu."

Babu alikufa sijazaliwa. Picha yake haipo.
Na sikio sikulifikiria, wallahi;
niliburura mkaa mara moja nikauinua.
Akaikunja mara nne.
Itafutika ukiikunja, nikamwambia.
Akaifunga kwenye pindo la kanga
na kunionya nisirudie tena.

Jana nilikuwa Jadida, kwenye harusi.
Bibi harusi, mtoto mdogo, akanishika kidole:
"Na huu weusi kwenye kucha ni piko gani?
Mbona hautoki?"
Nilitaka kusema ni mkaa.
"Huyo ni shangazi yangu," nikamwambia,
nikauinamia mguu wake, nikaanza ua,
polepole.