Fomu Iliuliza

Je, gari limefanyiwa mabadiliko yoyote?
Nilijaza Hapana, kwa wino wa buluu,
miaka miwili kabla ya ile kona ya Gede.

Leo Bwana Lewa wa bima kaja na kamera,
kachutama uani kwa fundi Tsofa, Maweni,
akaihesabu ile hapana yangu kipande kwa kipande:
turbo, springi zilizokatwa,
ekzosi yenye mdomo wa sufuria ya pilau.
"Na hii, lilizaliwa nayo?"
Nikawatazama kuku.

Barua ya kukataa ilinishinda adabu.

Tsofa hugonga bati akilisemesha, kama mkunga.
Mlango wa kushoto ni wa kijani,
umetoka kwa gari la marehemu fulani, Watamu;
rangi, asema, mwezi ukiandama.
Turbo nimemuuzia kijana wa Muyeye.
Alihesabu noti akicheka, nami sikumkatiza.

Jana nikarudi nyumbani, Barani, kimya kimya.
Zamani mama alikuwa akinisikia tokea kituo cha mafuta,
akateleka chai.
Jana nilibisha hodi kwetu kama mgeni.
"Nani?"
Nikafikiri kwanza.