Chaki Juu ya Chuma

Fondo alipaka mafuta ya taa kwenye bloku,
akapangusa kwa kitambaa, akangoja,
kisha akasaga chaki ya shule kwa vidole
akaipuliza juu ya chuma kama anayempaka mtoto poda.
"Haya, tazama."
Kati ya silinda ya pili na ya tatu
uzi wa unyevu ukajitokeza
ukainywa ile chaki, polepole, hadi ukingoni.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema ufa wa chuma cha kusubu huzibwa kwa nini,
wala kwa pesa ngapi.

Bei ninazo, nimeziandika nyuma ya risiti ya mayai.
Kusawazisha hedi, gasketi, ringi, beringi,
na yule mtu wa Kilifi wa kuchomelea: elfu arubaini na nane,
"na hapo," akasema Fondo, "mimi siapi."
Au injini nyingine, iliyotoka Japani, iko Mombasa,
imevingirishwa nailoni kama godoro jipya:
elfu tisini na tano. Garantii siku kumi na nne.
Siku kumi na nne!
Hata yai chini ya kuku hupewa ishirini na moja.

Mkononi nina sitini na mbili, zangu na za chama.
Shemeji Mbwana ana jibu lake tangu Jumapili:
liuze lilivyo, ununue bodaboda.
Mbwana hakuwapo Kakoneni usiku ule.

Usiku ule nilishusha trei thelathini
kibarazani kwa mwenye duka
ili kiti cha nyuma kilale, na Mbeyu alale.
Uchungu ulimshika tangu adhuhuri.
Tulipofika Jilore nikasikia harufu ya maji ya rejeta,
tamu, kama uji uliozidi sukari.
Tulipofika Ganda mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu.
Gari nalijua. Najua ukisimama,
ukafungua boneti, ukangoja nusu saa,
ukatia maji kidogo kidogo, injini hupona.
Nusu saa.
Nyuma yangu Mbeyu aliacha kulia akaanza kuhesabu.
Sikusimama.
Langoni mwa hospitali gari likagonga mara tatu,
likazima lenyewe.

Kwa hiyo huu ufa naujua, ni mwandiko wangu.
Sijuti.
Lakini kutojuta hakununui gasketi.

Jana mumewe alikuja, Thoya,
na jogoo kwapani na elfu mbili na mia nne
alizozikunja mpaka zikawa kama hirizi. "Za boliti," akasema.
Akauliza injini yenyewe ni ipi.
Fondo akamwonyesha. Nadhani alitarajia kitu kikubwa zaidi.
Akaigusa kwa kiganja, akafuta mkono kwenye suruali,
akauliza kama jogoo tumfunge wapi.

Boliti za hedi Fondo amezichomeka kwenye katoni ya maziwa,
kila moja na tundu lake, kwa mpango wake,
injini nzima imechorwa kwa matundu.
Ile katoni ilinishawishi kuliko mtu yeyote.
Anayepanga hivi, niliwaza, hajakata tamaa.
Nikamwambia.
"Aa," akasema, "hivyo ndivyo nipangavyo,
hata za gari ninalolikata vipande."

Nikatoa logibuku mkobani.
Nikasoma namba ya injini kwa sauti, tarakimu moja moja,
naye akifuata kwa kidole chenye chaki
pale ilipogongwa kiwandani,
hadi ya mwisho.
"Ndiyo yenyewe," akasema. "Na hiyo karatasi pia itabidi ibadilishwe."
Najua.
Jogoo alikuwa amepanda juu ya tairi, anatuangalia kwa jicho moja.

"Piga simu Mombasa," nikasema. "Deni nitalibeba.
Lakini waambie mimi muuza mayai:
siku ishirini na moja."